Kila Upande Una Mwaka Wake

Ukikaa barazani Zanzibar, iwe Wete ya Pemba au Ng'ambo ya Unguja, na wazee wakaanza kuzungumza uchaguzi, mazungumzo hayamaliziki bila ya kutajwa mwaka 1963 au mwaka 1995. Anayeutaja wa kwanza hautaji wa pili, na anayeutaja wa pili huona kuwa ule wa kwanza ni habari za kale zisizomhusu. Mimi nimekulia Pemba katika nyumba ya baba aliyehesabu kuanzia 1995, na likizo zangu nyingi za skuli nilizipitisha Makunduchi, Unguja, kwa kaka yake mama, ambaye mpaka leo anahesabu kuanzia 1963. Ninachotaka kukieleza ni kwamba wote wawili wana haki ya kukasirika, kwamba hasira zao zinafanana kuliko wanavyokubali, na kwamba utaratibu wa kugawana serikali tulioujenga tangu 2010, pamoja na kheri zake zote, umeituliza hasira hiyo kwa kumpa aliyeshindwa kitu cha kushika, bila ya kuligusa swali lenyewe, yaani nani ameshinda na tumejuaje.

Kwa vijana ambao wamesomeshwa mambo haya juu juu, niyaeleze kidogo. Katika uchaguzi wa Januari 1961 Afro-Shirazi Party, yaani ASP, ilipata viti 10, Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, ikapata 9, na ZPPP, yaani Zanzibar and Pemba People's Party, ikapata 3. Kiti kimoja kati ya hivyo 10 vya ASP, kile cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura 1, jambo ambalo watu wa Chake hulisimulia mpaka leo kama kwamba kura hiyo walipiga wao. Wajumbe wa ZPPP wakagawanyika, kambi mbili zikabaki na viti 11 kila moja, na hapakuwa na serikali. Likaongezwa jimbo moja na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo. ASP na Hizbu zikapata viti 10 kila mmoja, ZPPP ikaungana na Hizbu, na katika fujo zilizozuka Unguja wakafa watu 68. Kisha ukaja Julai 1963, ndio huo mwaka wa mjomba wangu. Viti vilikuwa 31. ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu. Hizbu ikapata 12 na ZPPP 6, zikaungana, na Mohammed Shamte akaendelea kuwa Waziri Mkuu. Kura za ASP zilikuwa zimerundikana katika majimbo ambayo ilishinda kwa kishindo, na za wenzao zilisambaa vizuri katika majimbo ya ushindi mwembamba. Hapakuhitajika mtu kuiba hata karatasi moja. Mipaka ya majimbo ilitosha.

Mjomba alikuwa kijana mdogo wakati huo, hajafikia umri wa kupiga kura, lakini alibeba viti vya mikutano na aliwasikia wakubwa wakihesabu. Nikiwa mtoto alikuwa akinambia, tena kwa utulivu wa mtu anayeeleza bei ya chumvi: "Mwanangu, kura tulizipata sisi, serikali wakapewa wao." Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963 chini ya Sultani Jamshid na serikali ya Shamte, na baada ya siku 33, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, yakafanyika Mapinduzi. Mjomba hapo husimamisha hadithi, kana kwamba tarehe hiyo inajieleza. Haendelei mpaka kwenye watu wengi waliouawa wiki zile, wala waliotiwa katika majahazi wakaondoka na nguo walizovaa, wala miaka iliyofuata ambayo Zanzibar haikuchagua viongozi wake yenyewe. Siwezi kumlaumu sana kwa kuchagua pa kuishia, kwa sababu sijamuona Mzanzibari asiyechagua. Ila funzo ambalo upande wake ulilichukua kutoka 1963 limeishi kuliko watu wenyewe, nalo ni kwamba wingi wa kura unaweza kukupita ukabaki mikono mitupu, na kwa hiyo serikali iliyopatikana kwa Mapinduzi si ya kuwekwa tena rehani kwa makaratasi. Kila baada ya miaka mitano kauli ya namna hiyo husikika majukwaani, kwamba nchi hii haitolewi kwa vikaratasi, na wanaoishangilia si watu wabaya. Ni watoto na wajukuu wa watu walioamini karatasi mara moja zikawaangusha.

Kipindi cha kati nitakipita haraka. Mzee Abeid Amani Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972. Akafuata Aboud Jumbe, ambaye ndiye aliyeleta Baraza la Wawakilishi mwaka 1980 na kupigiwa kura akiwa mgombea pekee. Mwaka 1985 Idris Abdul Wakil naye alisimama peke yake, na Pemba ilimpa kura za "hapana" kwa wingi uliowashtua wakubwa, kwani katika mfumo wa chama kimoja hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo mpiga kura alikuwa nayo ya kusema neno. Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe na Waziri Kiongozi tangu 1984, aliondolewa kwenye wadhifa huo mwaka 1988, akafukuzwa chama, kisha akakaa kizuizini kuanzia 1989 hadi 1991. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, upande wa pili ulikuwa na kiongozi, ulikuwa na kisiwa, na ulikuwa na hamu.

Tarehe 22 Oktoba 1995 tulipiga kura. Matokeo yalikawia siku kadhaa, na siku hizo baba aliziishi mbele ya redio. Alikuwa amechukua daftari la hesabu la dada yangu, akaligeuza kinyume, akapiga mistari kwa rula na kuandika majimbo yote 50, na kila lilipotangazwa jimbo aliandika kura za wagombea wawili kwa kalamu mbili tofauti, kisha akajumlisha upya kutoka juu. Hakuwa msomi wa hesabu. Alikuwa mnunuzi mdogo wa karafuu, na mtu wa karafuu hujumlisha kuliko mwalimu. Tume ilipotangaza mwishowe kwamba Dk. Salmin Amour amepata kura 165,271 na Maalim Seif 163,706, asilimia 50.2 kwa 49.8, baba alitoa moja katika nyingine, akaandika chini 1,565, akapiga mistari miwili kama afanyavyo mfanyabiashara anapofunga hesabu. CUF, chama cha Maalim Seif, ilikuwa imechukua viti vyote 21 vya Pemba na vitatu vya Unguja, na CCM, chama cha Dk. Salmin kilichoirithi ASP, imechukua 26. Waangalizi wa kimataifa walieleza kwamba kulikuwa na tofauti katika hesabu zilizotangazwa, Tume haikubadilisha kitu, na Dk. Salmin akaapishwa. Kura 1,565 ni watu wa shehia isiyo kubwa. Ukiwa upande ulioshindwa kwa tofauti kama hiyo, na hukuonyeshwa karatasi zilizojumlishwa, huna njia ya kulala usingizi. Na ukiwa upande ulioshinda, huna njia ya kumuonyesha mwenzako kwamba umeshinda kweli. Hili la pili halizungumzwi, nami naliona zito sawasawa na la kwanza. Ushindi usioweza kuthibitishwa humdhalilisha hata aliyeupata kihalali.

Yaliyofuata yaliingia majumbani. Wasiokuwepo hawaamini nikiwaambia kwamba palikuwa na vijiji ambavyo watu wa chama hiki hawakuzika maiti wa chama kile, hawakualikana harusini, na mama alikuwa akipita maduka mawili yenye sukari ile ile ili akanunue la tatu. Mama yangu kwa miaka kadhaa hakwenda Makunduchi kumtazama kaka yake, wala kaka yake hakuja Wete, na hakuna kati yao aliyekuwa mwanachama mwenye kadi. Muafaka wa kwanza kati ya CCM na CUF ulitiwa saini Juni 1999 kwa upatanishi wa Jumuiya ya Madola, chini ya Katibu Mkuu wake Emeka Anyaoku, na haukutekelezwa. Uchaguzi wa 2000 ulivurugika kiasi cha kurudiwa katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi, CUF ikasusia marudio, na maandamano ya tarehe 26 na 27 Januari 2001 yakazimwa kwa risasi. Waliokufa walipindukia 30, wengi wao Pemba, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwa vyombo vya wavuvi hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikatoa wakimbizi, kwa sababu ya uchaguzi. Muafaka wa pili ukatiwa saini tarehe 10 Oktoba 2001, ukarekebisha Tume na kuleta daftari la kudumu la wapiga kura, na huo ulikuwa ndio wakati pekee ambao tuliligusa lile swali la hesabu kwa mikono yetu wenyewe. Mazungumzo ya tatu yalikwama Butiama mwaka 2008.

Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif wakakutana Ikulu, wao wenyewe, bila ya mpatanishi kutoka nje. Ninawapa heshima yao kwa hilo. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ilipita kwa asilimia 66.4, Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikafanyiwa mabadiliko ya kumi, na ikawekwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa: Makamu wa Kwanza wa Rais anatoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili, na mawaziri wanagawanywa. Miezi mitatu baadaye ukafanyika uchaguzi. Dk. Ali Mohamed Shein alipata kura 179,809 na Maalim Seif 176,338. Tofauti yake ni 3,471, na mshindi alivuka nusu kwa asilimia 0.1 tu. Kwa mizani yoyote, huo ulikuwa uchaguzi wenye kutia shaka sawasawa na ule wa 1995. Lakini Maalim alikubali matokeo hadharani, na wiki hiyo hakuna aliyerusha hata jiwe Zanzibar nzima. Mwaka uliofuata mjomba alivuka na boti mpaka Mkoani, akapanda gari mpaka Wete kwenye harusi ya dada yangu, akakaa jamvi moja na baba. Walizungumza kilimo cha mwani na bei ya karafuu usiku mzima, na kila mmoja alijua kwa nini hawazungumzi jengine.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kilichobadilika kati ya 1995 na 2010 hakikuwa hesabu. Hesabu ilikuwa nyembamba vile vile na njia ya kuihakiki ilikuwa finyu vile vile. Kilichobadilika ni gharama ya kushindwa. Aliyeshindwa mwaka 1995 alirudi nyumbani akingojea kufukuzwa kazi. Aliyeshindwa mwaka 2010 alipata ofisi, gari na nafasi ya kuwasemea watu wake. Ulikuwa ni uamuzi wa busara kwa visiwa ambavyo vimegawika nusu kwa nusu, na wanaoubeza wakiuita ulaji wa wakubwa wamesahau maziko yaliyosusiwa. Hata hivyo ulitufanya tuone kwamba swali la hesabu limejibiwa, ilhali lilikuwa limefunikwa tu. Tulisema, ya nini kugombania nani amepata 50.1 iwapo wote wataingia serikalini? Jawabu lake lilikuja baada ya miaka mitano.

Ili mtu wa bara aelewe uzito wa 2015 inabidi ajue kituo cha kura cha Zanzibar kinavyokuwa. Mpiga kura wa kwetu hupewa karatasi tano: Rais wa Jamhuri ya Muungano, Rais wa Zanzibar, Mbunge, Mwakilishi na Diwani. Tume ni mbili, ya Muungano na ya Zanzibar. Mwaka ule chumba kilikuwa kimoja cha skuli, foleni ilikuwa moja, na wino ulikuwa wa kidole kimoja. Jioni masanduku hufunguliwa mbele ya mawakala. Msimamizi huinua karatasi moja moja, akaigeuza ili kila wakala aone alama, akataja jina, na karani akachora mstari. Ikitokea alama iliyovuka mstari wa kisanduku, shughuli husimama, wanne watano huinama juu yake, na wanaweza kubishana robo saa kwa kura moja. Mwisho fomu hujazwa, mawakala hutia saini, wanapewa nakala, na nyengine hubandikwa nje ya mlango. Mwaka ule nilikuwa nje ya skuli moja Wete, na fomu ilipobandikwa watu walimulika kwa tochi za simu wakapiga picha. Nilijua, na kila aliyekuwepo alijua, kwamba kazi iliyofanyika ndani ya chumba kile ilikuwa safi. Makarani walikuwa walimu wetu na majirani zetu, na walifanya kazi kwa uadilifu ambao haujawahi kushukuriwa.

Uchaguzi ulikuwa tarehe 25 Oktoba. Maalim Seif alijitangazia ushindi mapema, kabla ya Tume kumaliza, na kwa maoni yangu hakufanya vyema, hata kama alikuwa na fomu zake mkononi, kwani alimpa mwenzake kisingizio. Tarehe 28 Oktoba Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatoka kwenye televisheni akiwa peke yake na kutangaza kwamba uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa, akitoa sababu ambazo miongoni mwake ni vituo vya Pemba vilivyodaiwa kuwa na kura nyingi kuliko waliojiandikisha. Siku ya pili yake John Magufuli akatangazwa mshindi wa urais wa Muungano, na kura alizopigiwa Zanzibar zikiwemo. Yaani mtu yule yule, asubuhi ile ile, chumba kile kile, karatasi zake mbili zilikuwa halali na tatu zilikuwa batili. Nimewauliza wanasheria wa pande zote mbili wanieleze jambo hili, na walio waungwana miongoni mwao hutabasamu tu.

Marudio yakafanyika tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia, Dk. Shein akapata asilimia 91.4, na siku chache baadaye shirika la Marekani la Millennium Challenge Corporation likasimamisha ushirikiano wake na Tanzania wenye thamani ya dola milioni 472, likiutaja uchaguzi wa Zanzibar kuwa mojawapo ya sababu. Kiti cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu mpaka 2020. Hivyo ndivyo mfumo wa kugawana ulivyotufunulia udhaifu wake: mgao hutegemea matokeo, na matokeo hutegemea Tume, na Tume inaongozwa na mwenyekiti anayeteuliwa na Rais ambaye mara nyingi ni mgombea au mtu wa chama cha mgombea. Na Tume ikishatangaza, hakuna mahakama Zanzibar yenye ruhusa ya kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais. Ng'ambo ya mkondo wa Pemba, Kenya, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Nayo ilifuta, kama Jecha alivyofuta. Lakini pale mlalamikaji alileta ushahidi, mlalamikiwa akajibu, majaji wakauliza maswali mbele ya kamera, na hukumu ikaandikwa pamoja na maoni ya majaji waliopinga. Mkenya aliyechukizwa na uamuzi ule anaweza kuusoma ukurasa kwa ukurasa na kuonyesha ulipokosea. Sisi tuna tangazo.

Mwaka 2019 Maalim na watu wake walihamia chama cha ACT-Wazalendo kwa msemo wao wa "shusha tanga, pandisha tanga", na mwaka 2020 akagombea kwa mara ya sita. Tume ilitangaza kwamba Dk. Hussein Ali Mwinyi amepata asilimia 76.27 na Maalim 19.87. Mgombea yule yule aliyekuwa na asilimia 49 mwaka 2010 alikuwa sasa chini ya 20. Inawezekana watu wamebadilika, watu hubadilika. Lakini badiliko la ukubwa huo linataka maelezo ya kituo kwa kituo, hasa kwa kuwa Pemba ilipiga kura siku zile ikiwa imejaa askari na kukiwa na taarifa za watu kupigwa risasi, na maelezo hayakutolewa. Disemba yake Maalim aliingia serikalini kama Makamu wa Kwanza, akafariki tarehe 17 Februari 2021 na kuzikwa Mtambwe, na nafasi yake akapewa Othman Masoud Othman, yule Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar aliyefutwa kazi Oktoba 2014 baada ya kupiga kura ya hapana kwa baadhi ya vifungu katika Bunge Maalum la Katiba. Wengi wa chama chake walimlaumu Maalim kwa kuingia. Mimi naona alikuwa katika mtego ambao yeye mwenyewe alisaidia kuutega mwaka 2010: ukiingia, umeikubali hesabu unayoikataa, usipoingia, watu wako wanabaki bila ya mtetezi, na maziko yanaanza kususiwa upya. Mwaka 2025 Dk. Mwinyi alitangazwa kwa karibu asilimia 75, Othman Masoud akiwa na 23 hivi, ACT ikayakataa matokeo, na mtego ukajitega upya kwa watu wengine.

Kuna jambo la uongozi lililo karibu na hili. Wanaosema kwamba Mapinduzi ndiyo yanayotoa uhalali wa kutawala hawana budi kueleza ni nani anayerithi uhalali huo. Tangu 2000 tumekuwa na marais watatu, na wawili kati yao ni watoto wa marais waliotangulia Zanzibar, Karume na Mwinyi. Sisemi kwamba hawakustahiki. Ila mgombea wa CCM wa urais wa Zanzibar huamuliwa na Halmashauri Kuu ya chama huko Dodoma, ambako Wazanzibari ni wachache; mwaka 2000 kamati ya Zanzibar ilimpa nafasi ya mbele Dk. Mohamed Gharib Bilal, na aliyetoka Dodoma akiwa mgombea ni Amani Karume. Mjomba, ambaye hawezi kumvumilia mtu akimtaja Maalim kwa wema, hili linamuuma kuliko mimi. Anasema 1964 hakuona mtu wa Dodoma.

Afrika Kusini mwaka 2024 ilinifanya niifikirie upya hali yetu. ANC, chama cha ukombozi chenye historia ya kutosha kutia mtu kiburi, kilipata asilimia 40 katika uchaguzi wa tarehe 29 Mei, kwa mara ya kwanza chini ya nusu tangu 1994. Kikakubali, kikaita Democratic Alliance na wengine, na wakaunda serikali waliyoiita ya umoja wa kitaifa, jina lile lile la kwetu. Lakini serikali yao imetokana na hesabu ambayo kila mmoja aliiamini, na kwa kuwa hakuna aliyefika nusu, walilazimika kukaa pamoja. Ya kwetu imetokana na hesabu ambayo hakuna aliyeiamini, tukakaa pamoja ili tusiulizane. Kwa hiyo kila tunapogombana, wao wanaweza kurudi kwenye tarakimu na sisi hatuna pa kurudi.

Ninachopendekeza ni kidogo, na kwa sababu ni kidogo ndiyo kinanishangaza kwamba hakijafanywa. Mwaka 2022 Tume ya Kenya iliweka kwenye mtandao picha za fomu za matokeo ya urais kutoka vituo zaidi ya 46,000, kabla ya mshindi kutangazwa, na vyombo vya habari, vyama na vijana wenye kompyuta zao wakajumlisha wenyewe. Vituo vyetu ni vichache mno ukivilinganisha na hivyo. Kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar angeweza kuvijumlisha kwa siku chache. Fomu tunazo tayari, zinajazwa na walimu wetu, zinatiwa saini na mawakala, na moja inabandikwa mlangoni. Zipandishwe zote, jimbo kwa jimbo, kituo kwa kituo, na mlango wa mahakama ufunguliwe kwa urais kama ulivyo wazi kwa uwakilishi. Serikali ya Umoja wa Kitaifa ibaki kama ilivyo. Sitaki kurudi kwenye maduka matatu ya sukari.

Nilipomueleza mjomba haya, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama fomu za 1963 nazo zingeweza kutafutwa. Nikamwambia kwamba za 1963 hazina ugomvi wa hesabu, ugomvi wake ni wa mipaka ya majimbo. Akasema basi nianze na mipaka. Nikamkumbusha kwamba Pemba ilikuwa na majimbo 21 mwaka 1995, yakawa 18 mwaka 2005, na kwamba Unguja ilikuwa na 29, ikawa na 32, ikafika 36 mwaka 2015 kabla ya kurudishwa 32, na kwamba Pemba haikurudishiwa yale matatu. Mzee akaomba simu yangu tuangalie sensa. Sensa ya 2022 imehesabu Wazanzibari 1,889,773, na waliopo Pemba hawafiki theluthi. Kwa majimbo 18 kati ya 50, Pemba ina zaidi ya fungu lake. Kwenye mipaka, kwa hiyo, nilimuachia, na alifurahi kupita kiasi. Kwenye fomu sikumuachia, na alipoulizwa na mkewe kama atakubali za kituo chake cha Makunduchi zipandishwe mtandaoni ulimwengu mzima uzione, alisema za Makunduchi hazina tatizo, ila waanze na za Pemba.